Dereva Mpya wa Blandina

Maneno haya aliyaleta Paskalina, jirani yangu hapa Kalenga, siku aliyotoka Mbeya kufuata mitumba. Hata kiroba chake hakuwa amekifungua. Alikaa kwenye kigoda changu, akavua viatu, akasema, "Mama Blandina, mimi umbea siupendi, unanijua."

Nikajua umbea unakuja.

"Binti yako ana dereva."

"Dereva gani?"

"Na si mmoja. Wawili! Kuna mpya na kuna wa zamani. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake pale Mwanjelwa, yeye anaongea na simu, hata hanioni. Anasema huyu dereva mpya ananitesa, kila nikianza kazi ananizimia. Anasema wa zamani hakuwa na shida, nilimzoea. Bora huyu mpya nimtoe, nimrudishe wa zamani."

"Ananizimia?"

"Ananizimia. Hivyo hivyo."

Ninyi mnajua vijana wa siku hizi wakisema mtu anamzimia mtu wana maana gani. Ni kumpenda mpaka akili inaruka. Nilimwambia Paskalina kwamba binti yangu ni mke wa mtu na aache maneno hayo. Akajibu, "Mimi nimeyatua tu, nilikuwa nimeyabeba toka Mbeya, yananielemea." Akavaa viatu akaenda kwake. Mimi nikabaki nayo. Nilikwenda kupalilia nyanya, maneno yako shambani. Nilikwenda kanisani, maneno yamekaa benchi moja na mimi.

Nieleze kwa nini yalinikaa hivyo. Blandina kabla ya kuolewa aliposwa na kijana mmoja anaitwa Clement, dereva wa lori la mbao za Mafinga. Walileta barua, wakaja na wazee, lakini Blandina mwenyewe akakataa, akasema hana moyo naye. Yakaisha kwa amani. Lakini ukiniambia mimi "dereva wa zamani", namwona Clement amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Na mtu mwingine anayemwona Clement kila akisikia neno dereva ni mkwe wangu, Lutengano, kwa sababu habari zile anazijua.

Lutengano ni mtu mzuri, na nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, siyo kwa kuwa ni mkwe. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, anafanya kazi, hanywi. Pale Mwanjelwa wana nyumba moja ya milango miwili. Mlango mmoja ni duka lake la mchele anaoufuata Rujewa. Mlango wa pili ni steshenari ya Blandina. Anapiga chapa, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, anawajazia wanafunzi maombi ya chuo. Kompyuta aliisomea hapa Iringa mjini na cheti anacho, amekitundika ukutani.

Lakini Lutengano ana wivu, na wivu wake hauna kelele. Ananyamaza na kuangalia. Mteja akimwambia Blandina "asante sana dada, umenipiga picha nzuri", Lutengano anatoka kwenye mchele wake anakuja kuuliza kama kuna chenji. Blandina akivaa gauni jipya anaulizwa, leo kuna nini? Akicheka na simu anaulizwa kichekesho ni kipi, na akielezwa, hacheki. Blandina alinieleza hayo kama utani. Mimi sikuyachukua kama utani, lakini nilinyamaza, maana mama akisema sana ndoa ya mtoto inakuwa yake.

Basi nikiwa bado sijui nifanye nini na maneno ya Paskalina, simu ikaita. Ni Lutengano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mnaendeleaje huko?"

"Hatuendelei, mama. Naongea na wewe kwa heshima zote. Mtoto wako anamrudia dereva wake wa zamani. Nimemsikia mwenyewe kwa ukuta wa duka, na hata wapita njia wanasikia. Jumamosi baba mkubwa anakuja kutoka Tukuyu, tunakaa kikao. Nakuomba uwepo, maana wewe ndiye utakayeondoka naye."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini, mama, na nimesikia?"

Mwanangu alikuwa anarudishwa nyumbani kama mzigo uliokosewa anwani, na mwenyewe hajui. Baba yake ni marehemu, hakuna wa kunisindikiza. Nikafunga kitenge, nikaondoka.

Nilifika Mwanjelwa Ijumaa mchana. Watu wamejaa kwenye steshenari wanasubiri picha, na Blandina amekaa mbele ya kompyuta anafuta jasho ingawa Mbeya ni baridi. Aliponiona aliruka. "Kamwene mama! Mbona hukusema unakuja?" Kabla sijajibu, kompyuta ikafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Alikuwa amefungua picha ya mteja, ghafla kioo chote kikawa bluu, na juu yake kukatokea kauso kamelala ubavu, kamenuna. Halafu giza. Halafu ikaanza kujiwasha upya yenyewe.

Wateja wakaguna wote pamoja. Mmoja akasema, "Dada, hiyo kompyuta yako imekasirika na nani?" Mwingine akasema anaenda kwa jirani. Wakaondoka mmoja mmoja.

"Ndiyo maisha yangu haya mama," Blandina akasema. "Ikifungua picha tu, inazima." Akafunga mlango nusu, akanitengea chai na maandazi kule nyuma. Lutengano hakuonekana, alikuwa Rujewa.

Nilikunywa chai kidogo, nikaona moyo hauwezi kusubiri.

"Blandina. Huyo dereva bado unaye?"

Akanitazama. "Nani kakwambia habari ya draiva?"

"Nimeambiwa."

"Basi ni Lutengano. Afadhali kasema kwako, maana mimi hata kuongea na mimi hataki, sijui nimemkosea nini. Ndiyo mama, bado ninayo. Nitafanyaje? Ilikuja yenyewe."

"Yenyewe!"

"Yenyewe tu. Mimi nilikuwa nimelala. Asubuhi naamka nakuta imeshaingia."

Nikaweka kikombe chini. "Na mumeo alikuwa wapi?"

"Rujewa, kwenye mchele. Ikaitoa ya zamani, ikakaa yenyewe mahali pake. Na toka siku hiyo sina raha."

"Mungu wangu. Na Clement anajua?"

"Clement gani?"

"Clement wa mbao! Dereva wako wa zamani!"

Blandina alinikodolea macho, andazi liko mdomoni. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, machozi yanamtoka, anapiga ndoo kwa mkono. Mimi namwangalia, sijui nimpige au nicheke na yeye.

"Mama! Draiva ni kitu cha ndani ya kompyuta! Si mtu!"

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Kompyuta ina vifaa vingi, na kila kifaa kina draiva yake. Printa ina yake, spika zina yake, picha za kwenye kioo zina yake. Hiyo draiva ndiyo inakiambia kifaa kifanye kazi namna gani. Sasa kompyuta yake iliapdeti, yaani ilijibadilisha yenyewe usiku kwa njia ya intaneti, ikaja na draiva mpya ya picha, ikaondoa ya zamani. Hizi mbili, mpya na kompyuta, hazielewani. Ndiyo maana ikigusa picha inazima.

"Paskalina anasema ulisema ananizimia."

"Nilisema inanizimia, mama. Kompyuta inazima! Na nilisema hii draiva mpya niitoe, ya zamani niirudishe. Sikusema huyu."

Hapo ndipo palipotuponza. Mtu wa pwani angesikia "hii" na "ya zamani" angejua mara moja kwamba ni kitu. Lakini sisi huku Kiswahili tumekikuta shuleni, nyumbani tunaongea Kihehe, na Lutengano Kinyakyusa. Tunasema mume yangu, mwalimu yetu, dereva ile ya basi, wala hakuna anayegeuka. Kwa masikio yetu "hii dereva" ni mwanamume kamili mwenye suruali. Paskalina alipofika Kalenga alikuwa ameshayanyoosha maneno, kaweka "huyu" mahali pa "hii" bila hata kujua.

Nilicheka na mimi. Halafu nikamwambia kuhusu kikao.

Kicheko kikamkauka. "Kikao? Mimi nirudishwe nyumbani kwa ajili ya draiva ya picha? Na yeye yuko mlango wa pili, hakuweza kuja kuniuliza?"

Nikamuuliza amefanya nini mpaka sasa kuitengeneza.

Akanieleza alivyohangaika. Kwanza alifikiri ni umeme wa kukatikakatika, akaazima stabilaiza, ikazima vilevile. Halafu fundi simu wa jirani akaifungua akapuliza vumbi, akachomoa memori akairudisha, ikazima vilevile. Halafu akafikiri ni virusi. Mwisho akampigia mtu aliyesoma naye Iringa, anaitwa Ndalahwa, kijana wa wafugaji wa Usangu ambaye ana karakana ya kompyuta Iringa mjini. Ndalahwa akamuuliza swali moja ambalo hakuna aliyemuuliza, "Ilianza lini?" Hapo ndipo Blandina akakumbuka apdeti. Na simu ile ya Ndalahwa ndiyo Paskalina aliyoisikia mlangoni, na Lutengano akaisikia ukutani. Walikuwa wamepanga waitengeneze pamoja kwa simu, yeye akiwa Iringa anaelekeza, Blandina akiwa hapa anabonyeza.

"Basi mtengeneze kesho," nikamwambia. "Mbele yao."

Jumamosi baba mkubwa alifika. Anaitwa Mzee Andendekisye, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya sufu ambayo haivui mpaka amekaa. Lutengano akamkaribisha sebuleni, akasimama, akaanza hotuba aliyokuwa ameiandaa. Kwamba yeye amevumilia. Kwamba mwanamume ana moyo. Kwamba kuna dereva.

Blandina akapiga magoti. "Baba mkubwa, naomba kikao kihamie dukani. Huyo dereva yuko dukani."

"Yuko dukani sasa hivi?" Mzee Andendekisye akashtuka. "Basi ni jasiri huyo! Twende."

Lutengano alitangulia. Niliona amekunja mikono ya shati.

Dukani hapakuwa na mtu, kuna kompyuta tu. Blandina akaleta viti, akapiga simu, akaweka sauti ya wote wasikie.

"Dada Blandina!" Sauti ya Ndalahwa ikajaa dukani. "Uko tayari?"

"Niko tayari. Kuna wazee hapa."

"Ee, shikamooni wazee."

"Marahaba!" Mzee Andendekisye akaijibu simu kwa nguvu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde. Lutengano hakujibu.

Ndalahwa akasema kompyuta iwashwe kwa sefu modi. Ni namna ya kuiwasha kwa upole, ikiwa na vitu vichache vya lazima tu, na draiva zile mpya zimelala. Ikawaka, maandishi makubwa, mabaya, kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Sasa fungua picha yoyote."

Blandina akafungua picha ya mteja. Tukasubiri kioo kigeuke bluu. Hakikugeuka. Akafungua nyingine, na nyingine.

"Imetulia? Basi si umeme, si memori, si vumbi. Vifaa viko salama. Ni ile draiva mpya iliyokuja usiku."

"Ilikuja usiku na nani?" Lutengano akauliza.

"Na apdeti, gwe!" Mzee Andendekisye akamkemea, maana gwe kwao ni wewe. "Sikiliza, acha kukatiza."

Ndalahwa akaelekeza, fungua orodha ya vifaa, shuka mpaka penye kioo, bonyeza, tafuta palipoandikwa draiva. Mzee akatoa miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akasoma polepole. "Hee! Limeandikwa kweli. Draiva! Lutengano, njoo usome mwenyewe."

Lutengano akaja akasoma.

"Bonyeza rudisha ya zamani," Ndalahwa akasema.

Blandina akabonyeza. Kikatokea kijisanduku chenye maandishi mengi. "Inauliza sababu," akasema. "Inasema kwa nini unaondoa mpya, chagua sababu."

Mzee Andendekisye akageuka akamtazama Lutengano juu ya miwani. "Umeona? Hata mashine inauliza sababu kabla ya kufukuza."

Lutengano akaangalia chini.

Blandina akachagua sababu, kompyuta ikazima, ikawaka kawaida. Akafungua picha. Akaikuza, akaipunguza, akatoa nakala kwenye printa. Karatasi ikatoka na uso wa mteja unacheka. Hakuna bluu. Mzee Andendekisye akaichukua ile karatasi akaipunga juu.

"Dereva mwenyewe ndiye huyu? Hata mikono hana! Angeshikia wapi usukani? Gwe Lutengano, umenitoa Tukuyu, nimeacha chai yangu haijachumwa, nije kumhukumu mtu asiye na miguu!"

Ndalahwa akacheka kule kwenye simu. Ana kicheko kizuri, cha kuvuta, na Blandina naye akacheka, si kwa kumtamani mtu, ni ile furaha ya mtu aliyetua mzigo. Mimi nilicheka. Lakini niliuona uso wa Lutengano. Hakuwa anaangalia kompyuta tena. Alikuwa anaiangalia simu.

"Dada Blandina, usikate," Ndalahwa akasema, bado anacheka. "Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo la muhimu kuliko yote, usipo..."

Lutengano akaichukua simu mezani. "Asante fundi. Tumemaliza." Akakata.

Mzee Andendekisye alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko, hakuona. Akamwamuru Lutengano amwombe mkewe radhi, naye akaomba, kwa maneno mazuri, akaniomba na mimi. Tukala ndizi na nyama, kikao kikaisha. Lakini wakati naosha mikono nilimsikia akimuuliza Blandina kwa sauti ya chini, "Huyo anakuita dada tangu lini? Mmesoma wote darasa moja? Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza," Blandina akasema.

"Amejuaje kompyuta yetu kwa ndani kiasi kile?"

"Lutengano, ni fundi!"

"Mh."

Nilirudi Kalenga kesho yake nimefurahi nusu. Nikamweleza Paskalina yote. Akacheka sana, halafu akasema, "Lakini hata hivyo mimi nilisikia dereva." Nikaenda kumwagilia nyanya.

Hayakupita majuma mengi, Blandina akanipigia. Kompyuta imejiapdeti tena, draiva mpya imerudi, picha zinazima. Lile jambo la mwisho ambalo Ndalahwa alitaka kulisema ndilo hilo, kwamba ukishairudisha ya zamani lazima uizuie apdeti isiilete mpya tena. Mtu hakusikilizwa mpaka mwisho.

"Mpigie sasa," nikasema.

"Namba yake Lutengano kaifuta. Kasema nisiongee naye, mafundi wako Mbeya."

Lutengano akamletea fundi wake, kamchagua mwenyewe, mzee mmoja. Yule akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Blandina akakataa. Ndani mle mlikuwa na kazi za watu, ripoti za wanachuo, nyimbo za kwaya alizozichapa, picha za wateja ambao hawajazichukua. "Ukifuta, nitawaambia nini?" akamuuliza Lutengano. Lutengano akamjibu, "Kumbe unaona uchungu na picha za watu."

Hapo wateja walikuwa wanamkimbia na yeye anaijua dawa ilipo. Akamwomba mama mmoja fundi cherehani, mlango wa tatu, amwazime simu. Namba ya Ndalahwa alikuwa anaikumbuka kichwani. Akampigia nyuma ya kibanda cha yule mama, ananong'ona. Mtu anayetengeneza kompyuta ya kazi, ananong'ona kama mwizi wa kuku! Akawa anakwenda dukani anabonyeza, anarudi nyuma ya kibanda anasikiliza, anakwenda tena. Kompyuta ikaanza kujirudisha kama ilivyokuwa kabla ya apdeti, ikaandika kwamba inafanya kazi na isizimwe.

Blandina akarudi kibandani kumwambia Ndalahwa imefika hapo. Akanyanyua simu, akaona mikono ya Lutengano imeshika nguzo ya kibanda.

"Nani huyo?"

Blandina akaishusha simu kutoka sikioni.

"Nimekuuliza nani huyo. Si nilikukataza?"

"Ni Ndalahwa. Natengeneza kompyuta."

"Kwa kujificha? Mtu wa kompyuta unamnong'oneza? Basi nilijua. Nilijua toka siku ile."

Ndalahwa bado yuko kwenye simu anasema halo, halo. Lutengano akaingia dukani, akaikuta ile mashine inazunguka na maneno yake ya isizimwe, akachomoa waya ukutani.

Haikuwaka tena. Ilibaki nyeusi, hata ile sefu modi haikukubali.

Blandina ananiambia hakulia wala hakugombana naye. Alichomoa nyaya moja moja, akalifunga lile kasha la kompyuta kwenye kitenge kama mtoto, akatoka. Lutengano alisimama kwenye mlango wa mchele anamwangalia. Labda alifikiri anakwenda kwa fundi wa jirani. Alikuja Kalenga.

Tulikwenda kwa Ndalahwa pamoja, mimi na yeye, na mimi nilikaa kwenye benchi la karakana mpaka mwisho ili asitokee mtu wa kusema. Ni kijana mpole, mwembamba, ana mke anaitwa Minza ambaye alituletea maji. Akazitoa kazi za wateja, nyingi zikapona, si zote. Nyimbo za kwaya zilipotea. Zile zilizopona Blandina alizituma kwa wenyewe huko Mbeya. Na Lutengano aliposikia tumekwenda karakana ya Ndalahwa akawaambia watu wa Mwanjelwa, "Si mnaona? Kaenda kwake moja kwa moja."

Basi Mzee Andendekisye akamleta. Walikuja wote wawili hapa kwangu, Lutengano kavaa koti, kaleta mchele wa Rujewa, kapiga magoti kwa mama mkwe mpaka nikaona haya. Alisema maneno yote ambayo mtu anatakiwa kuyasema. Kwamba alikosea kuchomoa ule waya. Kwamba simu ni ya Blandina na namba zilizomo ni zake. Kwamba atanunua kompyuta nyingine. Mimi moyo wangu ulilainika, nasema ukweli. Blandina alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akaenda chumbani, nikasikia anafungua begi. Akarudi nalo, kaliweka karibu na mlango, akakaa anywe chai na wenzake kabla ya safari.

Simu yake ilikuwa mezani. Ikaita.

Blandina hakuwa ameweka hata kikombe chini. Lutengano alikuwa ameshainama mezani, shingo imerefuka, anasoma kioo. "Nani huyo?"

Simu inaendelea kuita. Blandina akaisukuma mbele yake kwa kidole kimoja. "Pokea wewe."

Akapokea. Alikuwa mke wa Mzee Andendekisye, anauliza kama wamefika salama na kama mzee amekumbuka kumeza dawa.

Mzee Andendekisye akavaa kofia yake ya sufu. "Twende nyumbani, Lutengano," akasema. Hakumwambia Blandina twende. Blandina akanyanyuka, akalichukua begi, akalirudisha chumbani. Lutengano aliangalia mlango wa kile chumba mpaka baba yake mkubwa alipomshika mkono.

Sasa wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioko kwenye ndoa, na ninyi mnaoishi kwa kompyuta, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiiache kompyuta ya kazi ijiapdeti usiku bila wewe kujua.

Usianze kufungua, kupuliza na kubadilisha vitu kabla hujajiuliza ilianza kuzima lini na kabla yake kulitokea nini.

Usisahau kuiwasha kwa sefu modi kwanza. Ikitulia humo, usiwalaumu watu wa umeme.

Usikubali fundi afute kila kitu kabla hujatoa kazi za watu.

Usimkate fundi maneno kabla hajamaliza.

Usichomoe waya wakati mashine imeandika isizimwe, hata ukiwa na hasira ya namna gani.

Usibebe maneno ya simu ambayo hukuyasikia mwanzo wake, na ukiyabeba usiyanyooshe njiani.

Usiite wazee kabla hujamuuliza unayelala naye.

Usimkataze mwenzako kuongea na mtu wa kazi yake. Ataongea naye kwa kujificha.

Usisome simu ya mtu inapoita. Muache mwenyewe apokee.